Mpira Nilioutangaza Auti

Siku yangu ya kwanza kazini, Meneja wa Michezo wa hoteli moja ya Malindi alinikabidhi ufagio na debe la chokaa. "Karisa, mistari ikipinda, nawe shika njia urudi kwenu Barani," akaniambia. Uwanja wa tenisi ulikuwa wa udongo. Niliufagia, nikaunyunyizia maji, nikachora mistari, na jioni nikaamua mechi za wageni. Wakizozania mpira, twaenda kutazama alama yake kwenye udongo na maneno yanaisha.

Nilihamishiwa Watamu miaka miwili, nikarudi na hamu moja: cheti cha mwamuzi wa mstari. Nafasi ilikuja katikati ya miaka ya themanini, hoteli ilipoandaa mashindano ya wanaume wachezaji wa kulipwa, ndani ya ukumbi wake mkubwa, juu ya zulia. Mwamuzi Mkuu, mzee wa Mombasa, ndiye angetupima.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Zulia halishiki alama. Shahidi ni jicho lako, basi usilipumzishe."

Nikapewa mstari wa pembeni, nusu fainali ya wawili wawili. Katika mchezo huo uwanja hupanuka: kile kipande cha pembeni, futi nne na nusu kila upande, huwa ndani. Nami miaka yote wageni wangu walicheza mmoja mmoja. Seti ya mwisho, mpira ukaanguka kwenye kipande kile, nikanyoosha mkono. "Auti!"

Ukumbi ukaguna. Kabla mkono haujashuka nilijua nimekosea. Mwamuzi Mkuu alikuwa ameniamini, yuko tayari kutangaza. Ningenyamaza, cheti kingekuwa changu. Niliogopa, sifichi. Nikasimama.

"Mzee, nimekosea. Mpira ulikuwa ndani."

Pointi ikarudiwa, kwa kuwa mwito wangu ulikuwa umeukatiza mchezo. Wale wawili niliowadhulumu wakaikosa, wakashindwa mechi. Mwamuzi Mkuu akanitoa katika fainali. "Cheti hukupata, Karisa. Mwakani uje tena."

Nilikwenda. Mwaka mzima, kila asubuhi kabla ya kazi, nilisimama kwenye mstari wa nje huku mpishi mmoja rafiki yangu akinirushia mipira, mpaka jicho likazoea. Cheti nikakipata.

Sasa nimestaafu. Vijana wanaojifunza uamuzi huniuliza kama nilifanya vyema kusema. Nawajibu ndiyo, na ningesema tena. Lakini wasidhani kukiri kunafuta kosa. Wale wawili walikuwa wameshapiga mpira mzuri kuliko yote ya siku ile, nami nikawafanya waucheze upya.