Mkono Juu ya Redio

Kilichoninyima usingizi ni sala iliyokuwa kwenye simu yangu. Asubuhi mama angekwenda kupasuliwa, nami, msomi wa nyumba, niliagizwa nimwombee. Akili mnemba iliniandikia sala tamu mno, na utamu wenyewe ndio ulionitia shaka.

Kulipokucha, dada alikuwa jikoni akimenya ndizi mbichi. Harufu ya utomvu ikanirudisha utotoni, kwa bibi: moshi wa kuni zisizokauka, mvua juu ya bati, na sikio langu likiniuma. Mhubiri redioni alisema wagonjwa waweke mkono juu ya redio. Nikauweka.

"Toa mkono," bibi akasema. "Huyo analijua jina lako?"

"Bibi, redio itanijuaje?"

"Sasa atamwambia Mungu amponye nani? Betri?"

Akanishika sikio kwa vidole vilivyonata utomvu, akaomba kwa Kinyakyusa, akilitaja jina langu, akikwama, akianza upya.

Niliisoma tena ile sala. Mahali pa jina la mgonjwa paliachwa nukta tupu. Nikazima simu, nikaingia chumbani kwa mama, nikamshika mkono, nikalitaja jina lake, nikakwama, nikaanza tena.