Magugu Maji ya Uani

Siku hizi hakuna anayegombana na masufuria yetu. Zamani ukimwaga mafuta ya kukaangia kwenye karo, sauti ilipanda kutoka uani: "Nani huyo anataka kuniulia majani?" Sasa mafuta yanamwagwa, na ua uko kimya.

Ilikuwa sauti ya fundi bomba mstaafu, aliyefiwa na mkewe, tuliyemwita Babu Magugu. Maji ya bafu na jikoni ya wapangaji wote yalikuwa yakitiririka uchochoroni, yananuka. Akachimba bwawa nyuma ya nyumba, akalisakafia, akayaelekeza maji humo, kisha akatupia magugu maji machache. Mizizi yake, iliyoning'inia kama ndevu, ilinasa uchafu na kuunywa. Upande wa pili maji yalitoka maangavu, tukamwagilia maua.

Kosa lake lilikuwa mapenzi. Magugu hupunguzwa kila yanapobanana, yeye hakuweza. Yalichanua zambarau, wapangaji wakayasifia, naye akayaacha yatande bwawa zima. Ya chini yakaoza, yakatapika uchafu wote yaliokunywa. Harufu ikatufuata hadi vitandani. Mama mwenye nyumba akaja, kitambaa puani.

"Baba, mwisho wa mwezi naleta kifusi. Nalifukia bwawa hili."

Siku ile hakula. Shemeji yake, mjane wa mdogo wake, aliyepanga chumba humohumo kwetu, akamfuata ukingoni.

"Shemeji, unasafisha maji au unafuga majani?"

"Yamechanua, shemeji."

"Hata marehemu mkeo alikuwa mzuri, na nywele alikuwa anakata."

Alicheka, machozi yakimlengalenga. Akakunja suruali, akaingia, maji yakamfika kiunoni. Aling'oa kwa mikono, akampokeza shemeji yake, naye akarundika pembeni yawe mbolea. Kila fungu alilitazama kidogo kabla ya kuliachia. Siku zilizofuata akachota tope lililooza, akaacha nusu ya bwawa wazi, jua na hewa vipenye.

Mwisho wa mwezi lori la kifusi lilifika kweli. Mama mwenye nyumba akasimama ukingoni, akashusha kitambaa, akavuta pumzi. Akavuta tena.

"Geuza," akamwambia dereva. Kisha akamtazama mzee. "Na wewe baba, kwenye nyumba yangu ya pili nako kunanuka. Utanisaidia?"

Magugu ya kwetu sasa anayapunguza shemeji yake. Babu Magugu alihamia nyumba ile ya pili kuchimba bwawa jingine; anaishi chumba cha uani, karibu na geti.