Mtobe wa Kumpokea Mkwe

Shangazi yangu wa Nyakisasa hajawahi kukubali kwamba juisi ni kinywaji kamili. Kwake, juisi ni pombe ambayo haijapata umri. Nilipomletea blenda kutoka Rusumo na kumsagia nanasi, alikunywa, akashukuru kwa adabu, kisha akauliza, "Sasa hili nanasi lilikuwa na shida gani? Au meno yangu ndiyo yanakusumbua?"

Mdogo wangu alipochumbiwa na kijana wa Kisukuma wa Biharamulo, mshenga alitutahadharisha kwamba wazee wa kule ni walokole, pombe hawagusi. Baba akataka tununue soda. Shangazi alikataa katakata.

"Mkwe hapokelewi kwa chupa ya kiwandani. Nitakamua mwenyewe."

Akashusha ndizi zilizowekwa darini juu ya jiko la kuni ziive, akazimenya, akazikanda kwa majani makavu mpaka maji yakatoka, akachuja. Huo ndio mtobe, juisi yetu ya ndizi: mtamu, mzito kidogo, una harufu ya moshi. Akaujaza kwenye ndoo na kufunika.

Wageni hawakuja. Mvua ilikuwa imenyesha, gari lao likanasa kwenye tope, wakalala kwa ndugu zao njiani. Walipofika kesho yake mchana, ndoo ilikuwa imeshaanza kunong'ona chini ya kifuniko.

"Tumwage," alisema mama.

Shangazi akaonja, akafumba macho, akaonja tena. "Hii bado ni juisi. Haiumi ulimi."

Baba wa kijana alikuwa mzee mrefu, koti limenyooshwa vizuri ingawa viatu vimejaa tope. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia kila mmoja wetu, akakaa wima kama yuko kanisani. Mazungumzo hayakushika. Baba aliuliza habari za ng'ombe, hawajambo. Mzee akauliza habari za migomba, haijambo. Shangazi akamimina. Mzee akanywa kikombe kizima kwa kiu ya safari, akaongezewa. Akafungua vifungo vya koti. Akaanza kutusimulia jinsi yeye mwenyewe alivyokwenda kuposa, akatumbukia mtoni na baiskeli, akafika ukweni amejifunga kanga ya mama mmoja aliyemhurumia njiani. Tulicheka mpaka baba akafuta machozi.

Alipoletewa kikombe kingine, mzee alikipeleka mdomoni, akasita, akakitazama.

"Mama," akamwambia shangazi taratibu, "hii juisi imelala?"

Mama yangu alishika kichwa. Shangazi hakutafuta maneno.

"Imelala, baba. Ila nadhani imeamka kabla yenu."

Mke wa mzee, aliyekuwa ameketi kando yake, akaangua kicheko. "Ndiyo maana leo umeikumbuka ile kanga! Mimi umenikataza kuisimulia tangu tuoane!"

Mzee mwenyewe akatabasamu. Akakiweka kikombe chini kwa heshima, kama anayemrudishia mtu mtoto wake, akaomba maji. Maongezi ya posa yakaendelea, na safari hii hakuna aliyeulizia ng'ombe wala migomba.

Mdogo wangu aliolewa. Siku hizi mzee akija kututembelea, shangazi humkandia ndizi mbele ya macho yake. Yeye huketi karibu kwenye kigoda. Anasema analinda imani yake. Juzi niliwakuta uani, mikono ya shangazi imezama kwenye ndizi mpaka viwiko, na mzee anamsihi akande polepole, maana hadithi aliyokuwa anamsimulia bado ilikuwa ndefu.