Treni Haiondoki Bila Filimbi ya Baba

Ni saa mbili asubuhi, Jumapili, na fundi wa meno bandia amelala kifudifudi juu ya ubao, pua yake ikikaribia kugusa tangi la maji. Mkononi ana kibano cha kazini. Anapanda mti.

Mti wenyewe una urefu wa kidole cha shahada. Shina ni waya wa shaba uliosokotwa. Majani ni sponji ya kuoshea vyombo, iliyosagwa na kutiwa rangi. Anauchovya kwenye gundi, anauchomeka, anarudisha kichwa nyuma, anaukunjia uso kama hakimu, kisha anaung'oa.

"Umesimama wima mno," anasema. "Mti gani huo, kama askari wa gwaride? Mti wa karibu na tangi ulikuwa umeinama, kama unasikiliza umbea."

Huu ni mti wa mia nne na kumi na mbili. Wenzake wote wamepitia usaili huohuo, na walioshindwa wamelala ndani ya kopo la maziwa wakisubiri rufaa.

Siku za kazi, mama huyu mwenye umri wa miaka arobaini na sita hukaa chumba cha nyuma cha kliniki ya meno, akitengeneza meno ya watu asiowaona. Kwa wiki humaliza seti kumi na moja hivi. Wao huenda kuchekea mbele za watu wengine. Yeye huletewa chapa ya taya zao kwenye plasta, pamoja na fomu.

"Nikikutana na mteja wangu barabarani, sura simjui," anasema. "Lakini akipiga miayo tu, namjua mpaka chonge."

Akitoka kazini huingia chumba cha wageni, ambako wageni hawakai tena. Humo mna meza ya mita nne kwa mbili na nusu, na juu yake kuna stesheni yenye jukwaa, bohari, daraja, na mlima uliotobolewa ili treni ipite. Kila kitu kimepunguzwa mara themanini na saba. Mtu mzima ana urefu wa sentimita mbili, viatu vikiwemo. Majirani wanamwita Bi Reli, na yeye huitika bila kinyongo.

Mumewe, fundi bomba mpole, ndiye shahidi mkuu wa ujenzi huo.

"Kwanza lilipotea chujio la chai," anasimulia, kwa uchungu wa mtu aliyefiwa. "Nikaambiwa linachekecha mchanga wa kokoto za reli. Tukanywa chai na majani yake mwezi mzima. Halafu mama yangu akaja kututembelea. Akatandikiwa chini ya mlima. Siku ya nne akasema, mwanangu, mimi nimelala pazuri, ila juu yangu nahisi kama kuna watu wananitazama."

Bibi huyo hakukosea sana. Mlima umejengwa kwa chapa za plasta zilizokwisha kazi: taya hamsini na tatu, za juu na za chini, zikapangwa, zikafunikwa kitambaa kilicholoweshwa plasta nyingine, zikapakwa rangi ya mwamba. Ukipiga magoti na kuchungulia ndani ya tundu la treni, utaona upande wa kushoto safu ya magego ya mtu fulani muhimu. Fundi hataji jina. Kazi ina siri zake.

Ufundi wake wote umetoka kliniki. Kokoto anazigandisha kwa gundi ya mbao iliyozimuliwa kwa maji, ikaongezwa tone la sabuni ili isambae, kisha akaidondosha kwa bomba la sindano, taruma moja la kubebea reli baada ya jingine. Maua ya waridi kwenye nyumba ya mkuu wa stesheni ni mabaki ya ufizi bandia. Kutu ya mabehewa ni chaki iliyosagwa, akaipakaza kwa kidole.

"Kinywa na reli ni kitu kimoja," anasema. "Kitu kikipanda juu hata unywele mmoja, mwenyewe atalalamika."

Lakini hii si stesheni ya kubuni. Ni ile aliyokulia. Baba yake alikuwa mkuu wa stesheni hiyo kwa miaka thelathini na moja, na kwa jinsi alivyokuwa mkali wa muda, abiria walimbatiza jina Bwana Dakika. Miaka sita iliyopita njia mpya ilijengwa kwingine, na stesheni ikabomolewa kwa siku mbili. Ilibaki picha moja, daftari la ratiba, na yale yaliyomo kichwani mwa mzee huyo.

Fundi alipoanza kujenga, miaka mitatu iliyopita, alimwita baba yake aje kuona. Jibu lilikuwa fupi: "Stesheni haiwekwi chumba cha wageni."

Akaongeza kwamba, hata hivyo, macho yake yana ukungu, na hata akija hataona kitu.

Binti naye akaweka sharti lake. Kule stesheni, hakuna treni iliyowahi kuondoka kabla baba yake hajapiga filimbi. Basi na hapa haitaondoka. Injini aliijaribu kazini tu, juu ya kipande cha reli kilichonyooka. Mezani hajawahi kuiwasha. Mabehewa aliyapitisha kwa kuyasukuma kwa kidole.

"Nilimwambia, mke wangu, bonyeza tu tuone, Mzee hatajua," anasema mumewe. "Akanitazama kama nimemwambia tuibe sadaka."

"Bila filimbi yake, hii ni meza chafu yenye rangi nyingi," anajibu fundi, na safari hii hatanii.

Kisha, mwezi uliopita, Bwana Dakika akatolewa mtoto wa jicho. Ukungu ukaisha, na udhuru nao ukaisha. Mtoto wa jicho alipoondoka, mtoto wa kuzaa akadai zamu yake. Mzee akakubali kuja leo, saa nne.

Saa nne kasoro dakika tatu yupo nje, anaonekana dirishani, amesimama mbele ya mlango akitazama saa yake ya mfukoni. Saa nne inapotimia, anabisha hodi.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mama. Hiyo treni iko wapi?"

Hataki kiti wala chai, ingawa anahakikishiwa kwamba chujio limerudi. Fundi amekwisha kuona kitu kimoja: kwenye mfuko wa shati la baba yake unaning'inia uzi mweupe. Ni uzi wa filimbi. Amekuja nayo. Kama ataipuliza, hilo ni jambo lingine.

Mzee anafunga mikono nyuma na kuanza ukaguzi. Anazunguka meza polepole, akiguna. Anafika kwenye benchi la jukwaani, anainama.

"Hili limevunjika mguu."

"Ndiyo, Baba. Lilikuwa hivyo."

"Najua lilikuwa hivyo. Niliandika barua saba waje walitengeneze." Anaguna tena, lakini mguno huu una sukari kidogo.

Kwenye ukingo wa jukwaa amesimama mtu wa sentimita mbili, kofia kichwani, bendera ya kijani mkononi. Mzee anamtazama muda mrefu.

"Huyu ni nani?"

"Ni wewe, Baba."

"Mimi sikuwa na tumbo."

"Nimelipunguza mara themanini na saba, Baba, na bado limebaki."

Mkwe anaangua kicheko, kisha anakumbuka cheo chake na kukohoa. Mzee anajishika tumbo, analipima, anaiacha kesi hiyo. Mkono wake unakwenda kwenye uzi mweupe. Fundi amekwisha kuweka kidole kwenye kitufe.

Mkono unaishia njiani.

"Lete hicho kioo chako cha kukuzia."

Juu ya mlango wa ofisi ya tiketi kuna saa ya ukutani, upana wake kama punje ya dengu. Fundi aliichora mishale kwa burashi yenye unywele mmoja, wa kwake mwenyewe, alioung'oa kwa heshima zote. Hiyo ndiyo kazi anayojivunia kuliko zote.

"Treni hii ni namba ngapi?" anauliza Mzee, jicho likiwa kiooni.

"Namba moja, Baba. Ya saa mbili asubuhi. Nimefuata daftari lako, umeandika saa mbili kamili. Hata vivuli nimevichora virefu, vya asubuhi."

"Vivuli nimeviona, ni vizuri. Na mshale mfupi umeuweka wapi?"

"Kwenye mbili."

Fundi anasikia maneno yake mwenyewe. Anajua kusoma saa tangu utotoni. Mtoto gani hajui kwamba saa mbili mshale mfupi unakaa kwenye nane? Lakini daftari lilisema mbili, na yeye, akiwa amebana pumzi ili mkono usitikisike, aliandika mbili.

"Saa inasema ni saa nane mchana," anatamka Mzee. "Vivuli vinasema asubuhi. Sasa niambie, hapa mlevi ni nani? Jua au ukuta?"

"Baba, ni dengu! Nani ataona?"

"Mimi nimeona. Miaka thelathini na moja sijachelewesha treni kwa saa sita, leo nianze ndani ya nyumba ya mwanangu?"

Mkwe ameshakimbilia jikoni, na kutoka huko kunasikika mtu anayejaribu kucheka ndani ya taulo.

Fundi anakaa chini. Kwa dakika nzima anaonekana mtu aliyechoka miaka mitatu kwa mkupuo. Kisha anasimama, anachukua burashi, anafuta mishale kwa rangi nyeupe, na kueleza kwa sauti ndogo kwamba rangi lazima ikauke kwanza, nusu saa hivi, na kama Baba ana haraka, basi siku nyingine.

Mzee anavuta kiti, ndipo anapokaa kwa mara ya kwanza.

"Nimesubiri treni maisha yangu yote," anasema. "Rangi ndiyo itanishinda? Mwambie mumeo alete hiyo chai."

Anakunywa vikombe viwili. Rangi inakauka. Fundi anabana pumzi na kuchora. Safari hii baba yake ameshika taa ya mezani, akiisogeza kila anapoambiwa, bila kuguna. Mshale mrefu kwenye kumi na mbili. Mshale mfupi kwenye nane. Mzee anaangalia kwa kioo, anaangalia tena, anatoa uzi mweupe na kilichofungwa mwishoni mwake.

Filimbi ya stesheni ikilia ndani ya chumba cha wageni, vikombe hutetemeka. Fundi anabonyeza.

Injini inasita kidogo, kama mtu anayetafuta viatu. Inaondoka. Inavuka daraja, inapita chini ya taya hamsini na tatu, inatokea upande wa pili na mabehewa yake yote manne, na kuja kusimama palepale ilipotoka. Mzee amesimama wima muda wote, mkono mmoja umeinuliwa, ingawa hana bendera. Fundi anamtazama yeye, si treni.

"Imeondoka salama," anatangaza Mzee, akifuta macho yake mapya. "Lakini mbona imerudi hapahapa? Abiria wamelipa nauli warudi walikotoka?"

"Ndiyo maana nina mpango, Baba. Nataka nijenge stesheni ya pili, ile ya mwenzako uliyekuwa ukizungumza naye kwa simu kila asubuhi. Ila sina picha yake. Nahitaji mtu anayeikumbuka."

"Paa lake lilikuwa jekundu," anasema Mzee upesi, kama aliyekuwa akisubiri kuulizwa. "Na saa yao ilikuwa inakwenda mbele dakika mbili. Nilimwambia, hakusikia."

"Stesheni ya pili itakaa wapi?" anauliza mkwe kutoka mlangoni, kwa wasiwasi.

"Sebuleni," anajibu mkewe.

"Na mimi nikae wapi?"

"Daraja la tatu," anasema Mzee. Anamgeukia binti yake. "Tunaanza Jumamosi. Nitafika saa mbili."

Kisha anafikiri, anachomoa karatasi kwenye daftari lake, anachora duara kubwa, mshale mrefu juu, mshale mfupi kwenye nane, na kumkabidhi.

"Bandika ukutani," anamwambia. "Nisije nikafika nikakuta bado umelala."