Kisu cha Jairus na Firigisi ya Mkwe

Kwa rehema za Mola, ambaye hajawanyima wastaafu muda, wako mjini Kakamega wanaume kumi na wanne walioungana katika kundi la WhatsApp ili waonyeshane visu vyao vya mfukoni. Kila alfajiri, kabla hata ya sala, kila mmoja hupiga picha ya kisu atakachokibeba siku hiyo. Na kwa kuwa kila mmoja ana kisu kimoja tu, picha ya Jumanne hutofautiana na ya Jumatatu kwa kitambaa kilichotandikwa chini yake. Wenzake humjibu, "Makali hayo, mzee." Kisha kisu hurudi mfukoni, kikapumzike baada ya kazi hiyo nzito.

Bingwa wao ni Jairus Wanzala, aliyekuwa mpima miwa katika kiwanda kimoja cha sukari. Kisu chake cha kukunja, chenye mpini wa pembe ya fahali, alikirithi kwa baba yake huko Musanda. Mzee yule, asiye na elimu ya mambo haya, alikitumia kumenyea miwa, kuhasia ndama na kukatia kucha zake, asitambue hata siku moja kwamba ameshika johari. Jairus ndiye aliyeyakomesha makosa hayo. Aliusugua ubapa hadi mtu angeweza kujitazama humo akachana ndevu, akaupaka mafuta ya cherehani kila asubuhi, na kwa miaka sita hakuuruhusu ukate kitu kilicho kigumu kuliko hewa.

Mwezi Agosti wageni walifika kutoka Khwisero kumposa Christine, binti pekee wa Jairus. Aliyewaongoza alikuwa Chrispinus, baba wa kijana, mkata miwa mwenye maneno machache na meno imara. Maximilla, mkewe Jairus, alipika jogoo na obusuma, yaani ugali, akaiweka firigisi katika sahani yake peke yake. Nyumbani kwao firigisi hugawanywa na mwenye boma: nusu yake, nusu ya mgeni wa heshima. Mgeni akiila, mazungumzo huendelea. Akiiacha, huaga kwa adabu na kurudi kwao pamoja na kijana wake. Christine aliyajua hayo. Alisimama mlangoni na birika la maji ya kunawa, akakataa kuketi.

"Baba Christine, kisu cha jikoni hiki hapa," Maximilla alisema.

"Hicho ni cha vitunguu."

"Na hicho chako hukatanga nini?"

Jairus hakulijibu swali la kihasidi namna hiyo. Alikikunjua kisu, akapiga picha ya ubapa kando ya firigisi, akapiga ya pili kuuonyesha mpini, na ya tatu kwa sababu katika ya pili kidole cha mkwe kilijitokeza. Obusuma ukaanza kuota ngozi. Ndipo akakata, na ni haki kukiri kwamba kisu kilikata vizuri sana.

Chrispinus akaitia nusu yake kinywani. Akatafuna. Akaacha kutafuna. Akamtazama mwenyeji wake kwa upole wa daktari.

"Mkwe, huyu jogoo mlimtoa gereji?"

Jairus naye akaonja, na mafuta ya cherehani yakampanda hadi puani.

"Ni viungo," akasema.

"Viungo vya fundi wa nguo?" Chrispinus akairudisha firigisi ukingoni mwa sahani, akafuta vidole.

"Baba, waambie," Christine alisema pale mlangoni. "Ama niwaambie mimi?"

Jairus alitazama mkeka. "Ni mafuta. Nakipakanga kila siku. Hakijakata kitu tangu nistaafu."

Chrispinus alifikiri. "Kurudi Khwisero na njaa, mimi siwezi. Kuna jogoo mwingine?"

"Yuko," Maximilla alijibu, kabla swali halijatua.

"Basi mwenyewe amchinje. Na firigisi aipasue na hicho hicho, tuone kama ni kisu."

Wanaume wasioingia jikoni hawajui kwamba firigisi mbichi imejaa changarawe. Jairus alikisugua kisu kwa majivu na sabuni, akachinja, akachuchumaa nyuma ya jiko na kuanza kupasua. Alisikia kila punje ikikikwaruza kioo chake cha miaka sita, naye akapumua kama mtu anayeng'olewa jino. Katikati alisita. Nusu ya ubapa ilikuwa bado safi, na kisu cha vitunguu kilikuwa hapo karibu. Akainua macho, akamwona binti yake bado amesimama. Akausukuma ubapa hadi mwisho.

Mara hii Chrispinus alikula, akameza, akainyoosha mikono anawishwe. Christine akamnawisha, kisha akaketi.

Mazungumzo ya ng'ombe yakaanza. Jairus alikuwa amejiandaa kudai kumi na mmoja, lakini aliyemlisha mkwe mafuta ya cherehani hana sauti kubwa kikaoni. Chrispinus alitaja watano. Na Jairus, kwa unyenyekevu ambao wahubiri watatu waliofuatana walishindwa kumtia, akasema watano wanatosha.