Visu Vyenye Kasoro vya Khalu Wani

Jirani yangu hapa Juba, sokoni Custom, ni Mganda anayechoma kwato za ng'ombe kwa ajili ya supu. Kila asubuhi, nikiwa bado napanga vitunguu mezani, moshi wake unanifikia na ile harufu ya pembe inayoungua. Wateja huziba pua. Siku moja aliona machozi yananitoka, akaniomba radhi: "Pole, mama. Supu haijawahi kunukia kabla ya kuiva." Nikamwambia ni vitunguu. Havikuwa vitunguu, na wewe unayesoma nitakuambia.

Harufu ile ni ya kibanda cha Khalu Wani, kaka wa mama yangu, kule mtaa wetu wa Kator, nilipokuwa na miaka kama tisa. Vita vilinikatia shule darasa la tatu, basi usinidai tarehe. Khalu alitengeneza visu vya kukunja. Bapa alilikata kwenye springi ya lori bovu, pini alizitoa kwenye maganda ya risasi, ambayo Juba haijawahi kuyakosa, na mpini ulikuwa wa pembe aliyoipasha moto ikalainika, akaibana kwa mbao mpaka ikanyooka. Kisu chake ukikifunga kinalia tak, mara moja. Kikilia mara mbili, kwake kimeharibika.

Hakumtengenezea mtu kisu bila kumpima mkono. Aliuzungusha uzi kwenye kiganja, akaupitisha kwenye vidole kimoja kimoja, na mpini ukafuata mkono ule peke yake. Kikitokea na kasoro hakumpa mwenyewe, wala hakumpa mtu mwingine, kwa sababu alisema tayari kina mkono wa mtu. Alikisaga ncha ikawa butu, akanipa mimi.

Nilikuwa navyo vitano, ndani ya kopo la maziwa ya unga. Niliviita kwa majina ya watu. Cha Katekista kilikuwa chembamba, springi imelegea. Cha Pitia mshona viatu kilikuwa kinene na pembe yake ilikuwa na ufa. Cha Modi kilikuwa kifupi, maana Modi alipungukiwa kidole. Cha mwalimu wa kwaya kilikuwa na kutu iliyokataa kutoka. Na cha Baba. Hicho sikukiona kosa. Khalu alisema kinalia mara mbili, nami nilikifungua na kukifunga mchana kutwa nikisikia mlio mmoja.

Wanawake wa kisimani walinicheka. "Wenzako wana watoto wa matambara, wewe una visu! Atakayekuoa atalala jicho moja wazi." Mama alicheka pamoja nao. Nakumbuka kicheko kile kwa sababu baadaye hakikurudi.

Jirani yetu mmoja aliitwa Klementi. Namtaja. Tulimwita Klementi Baiskeli, maana yeye peke yake mtaani alikuwa na baiskeli mpya wakati watu wakila majani, na hakuna aliyethubutu kumuuliza ameipata wapi. Asubuhi moja ilisemwa kwamba askari ameuawa kando ya mto, tena kwa kisu. Saa nne Klementi alinikuta uani kwetu, nimekaa peke yangu na kopo langu. Akachuchumaa, akatoa biskuti.

"Bineya," akaniita, kama kila msichana mdogo anavyoitwa kwetu, "nasikia una duka la visu."

"Si duka. Ni vyangu."

"Vyako? Mkono huu mdogo? Unanidanganya. Hiki kinene ni cha nani?"

Nilimcheka kwa kutojua kitu rahisi namna hiyo. "Huoni? Cha Pitia. Kile kizuri alichukua mwenyewe, hiki kina ufa."

"Na hiki?"

Nikamtajia vyote, kama mtu anayesoma katekisimu mbele ya padri. Cha mwisho nilikishika juu zaidi. "Hiki cha Baba." Klementi akanipapasa kichwa. "Una akili, wewe. Utakuwa mwalimu." Biskuti ilikuwa na sukari juu. Niliila yote kabla Mama hajarudi.

Kabla ya jua kuzama askari waliwachukua watu watano, wale wale niliowataja. Hakurudi hata mmoja. Baba alitoka na kandambili moja mguuni, nyingine nikaikuta mlangoni.

Watu hawakuhangaika kumtafuta msaliti. Nani mwingine alijua visu viko kwa nani, kama si fundi mwenyewe? Na fundi alikuwa ameachwa. Sasa najua hiyo nayo ilikuwa kazi ya Klementi: mtu aliyeachwa hahitaji kushitakiwa, majirani watammaliza. Mjane wa Pitia alimtemea Khalu mate usoni. Mama akamwambia mlangoni, mbele yangu, "Kalas, yamekwisha. Mimi sina kaka."

Khalu alinishika mkono, tukaenda nyuma ya nyumba, akasema nilete kopo. Akafungua, akaangalia. Kidole chake kilikuwa na ungaunga wa biskuti aliotoa ndani ya kopo. Akaniangalia mimi. Kisha akachimba shimo, akavifukia vinne, cha Baba akanirudishia.

"Hukumwonyesha mtu. Havikuwahi kuwepo. Umesikia, bineya?"

Nilidhani anajificha yeye.

Hakuwasha tena moto wake. Tulipokimbilia Uganda alibaki, akafa ndani ya kibanda kile, na aliyemzika sijui. Mama alikufa ukimbizini akimwita msaliti. Mkono wake ulikuwa ndani ya wangu siku hiyo, nami nilikuwa mtu mzima, mama wa watoto, mwenye ulimi. Sikusema. Nilikuwa nimeshaelewa tangu miaka mingi kwamba Khalu aliubeba mzigo wangu ili mama yangu asinichukie, na hata hilo halikunifungua mdomo.

Niliporudi Juba nilimkuta Klementi yupo. Ana nyumba ya mabati mekundu mtaa wa Munuki, na Jumapili anapita na kikapu cha sadaka. Wiki iliyopita alinunua vitunguu kwangu, akaniita binti yangu, akaniuliza kama watoto wanasoma. Nikamfungia kwenye mfuko. Ninamlaani, lakini majina matano yalitoka kinywani mwangu, si mwake.

Aliponipa kisogo nilitoa kisu cha Baba ninachokatia majani ya vitunguu. Nilikifunga karibu na sikio, nikakifungua, nikakifunga tena. Kinalia mara mbili. Khalu alisema kweli.