Bosi na Waya wa Ukutani

Juzi, katika ofisi moja hapa Amu, Bi mmoja wa Faza alisubiri cheti cha kuzaliwa cha mwanawe. Usajili wa mtihani ulikuwa unafungwa siku ile ile. Cheti kimo ndani ya mtambo wa faili za ofisi, na diski imeharibika. Fundi alikuwa akiikarabati, jasho linamtoka.

"Asilimia tisini! Asiuguse mtu!"

Ikaadhiniwa adhuhuri. Bosi wa ofisi akainuka, akachomoa waya wa mtambo ukutani, kama afanyavyo kila siku akienda msikitini. Fundi akashika kichwa: kazi yote imepotea.

"Bwana we!" Bi akafoka. "Mwenzio yu rakaa ya mwisho, nawe wamvuta mswala?"

Bosi aliporudi alibandika karatasi mlangoni: "Mtambo mbovu. Tunaomba subira."

Kuchomoa hakumwomba mtu ruhusa. Subira ndiyo anaiomba!